Ada ya Maegesho Hospitalini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hospitali ikifunga geti la maegesho na kuweka mashine ya kulipia, maswali huanza siku hiyo hiyo: kwa walinzi, mapokezini, hadi kwenye vikao vya bodi. Hapa nimekusanya yanayorudiwa zaidi. Nina msimamo, na ni bora uujue mapema: mgonjwa na anayemuuguza wasilipe. Kwa wengine inategemea, na majibu yanaeleza inategemea nini. Pale ambapo jambo limeshajibiwa kwingine nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Ada ya maegesho hutozwaje hospitalini?

Kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kulipa kabla: unaegesha, unakwenda kwenye mashine, unanunua tiketi ya saa mbili au tatu na kuiweka mbele ya kioo cha gari. Ya pili ni kulipa unapotoka: unachukua tiketi getini, na kabla ya kuondoka unalipia muda uliotumia. Ya tatu ni kamera inayosoma namba ya gari linapoingia na linapotoka. Mwenye gari hulipa kwenye mashine au kwa simu, na asipolipa faini humfuata nyumbani.

Tofauti hizi si ndogo. Kulipa kabla humlazimu mgonjwa kukisia atakaa hospitalini muda gani, jambo ambalo hata daktari wake halijui. Akikisia pungufu anapigwa faini, akizidisha hela yake imekwenda. Kama ni lazima hospitali itoze, basi itoze mtu anapotoka. Kamera nazo zinairahisishia hospitali kazi, ila zinamnasa mgeni ambaye hakuona kibao na hakusimamishwa na geti lolote, akaondoka akidhani hakuna kinachodaiwa.

2. Kwa nini hospitali hutoza?

Sababu zinazotolewa ni tatu: kulipia gharama za maegesho yenyewe, kuwazuia watu wasio na shughuli hospitalini wasijaze nafasi, na kuongeza mapato. Zote tatu ni za kweli, lakini hazina uzito sawa, na hospitali nyingi hutangaza ya pili huku zikiitegemea ya tatu. Ukitaka kujua hospitali yako iko wapi, uliza swali moja: je, mgonjwa aliyethibitika ni mgonjwa anasamehewa? Kama hapana, basi lengo si kuwazuia wageni wa mitaani. Lengo ni mapato.

3. Maegesho yanagharimu nini? Si kiwanja tu?

Kiwanja chenyewe ni gharama. Gari moja likisimama huchukua kama mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia za kupita na kugeuzia, kila nafasi hula mita za mraba 25 hadi 30. Maegesho ya magari 500 ni sawa na viwanja viwili vya mpira wa miguu. Juu yake kuna lami, mitaro, taa za usiku, walinzi, alama na bima. Ardhi ikiwa finyu hospitali hulazimika kujenga ghorofa la maegesho, na hapo kila nafasi hugharimu mara nyingi zaidi ya ile ya chini.

Kwa hiyo wanaosema hakuna maegesho ya bure wana hoja: kuna mtu anayelipa. Suala ni nani. Ukarabati wa paa la wodi nao una gharama, na hakuna anayemtoza mgonjwa kwa saa alizokaa chini ya paa hilo wakati wa kusubiri. Njia ya kumfikisha mtu kwa daktari ni sehemu ya hospitali kama zilivyo ngazi na lifti zake.

4. Pesa zinazokusanywa huenda wapi?

Inategemea mkataba. Hospitali inayoendesha maegesho yenyewe huziingiza kwenye mfuko wake. Iliyokodisha kwa kampuni inaweza kupokea kodi isiyobadilika, au mgawo wa makusanyo, au kuambulia nafuu ya kutokuwa na kazi ya kusimamia tu, huku kampuni ikichukua ada na faini zote. Mkataba wa aina hiyo ya mwisho ndio mbaya kuliko yote, maana kampuni hupata faida zaidi kadiri watu wanavyokosea.

Ili uone ukubwa wa jambo lenyewe: katika mwaka wa fedha 2018/19, hospitali za umma za England zilikusanya takribani pauni milioni 270 kutoka maegesho, zikiwemo za wafanyakazi. Ni pesa nyingi kuzitaja. Ukizilinganisha na bajeti nzima ya huduma ya afya ya umma huko, hazifiki hata asilimia 0.3. Mfumo wa afya hauwezi kusema utaanguka kwa kukosa sehemu ndogo kiasi hicho. Kwa hospitali moja moja pengo linaweza kuuma, na ndiyo maana anayefuta ada lazima aseme pia pengo litazibwa na nani (angalia swali la 10).

## Ni haki au si haki?

5. Je, ni haki kumtoza mgonjwa?

Hapana, na sababu yangu kubwa ni muda.

Sehemu nyingine tunazolipia maegesho, anayelipa ndiye anayeamua akae hadi saa ngapi. Akiona saa inakwenda anaondoka. Mgonjwa hana uamuzi huo. Aliambiwa afike saa tatu, akaonwa saa tano, akatumwa picha ya eksirei ambako kuna foleni, akarudi kwa daktari aliyekwisha kuitwa chumba cha upasuaji, kisha akasubiri dawa dirishani. Kila kituo katika safari hiyo kiko mikononi mwa hospitali. Hospitali inapotoza kwa saa, inamtoza mgonjwa kwa ucheleweshaji wake yenyewe. Ikiwa foleni ni ndefu, mapato yanapanda. Hakuna huduma nyingine ya afya ambapo tungekubali mpangilio wa namna hiyo.

Kisha kuna linalotokea ndani ya chumba cha daktari. Mwaka 2011 jarida la Chama cha Madaktari wa Kanada lilichapisha tahariri iliyosema kwamba ada za maegesho ni malipo ya matibabu yaliyopitishwa mlango wa nyuma, na kwamba baadhi ya wagonjwa hukatisha mazungumzo na daktari ghafla kwa sababu muda wa tiketi unakwisha. Yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki amewaona watu hawa. Mkono mmoja una kadi ya kliniki, mwingine una simu inayoangaliwa kila dakika mbili. Dakika kumi kabla ya tiketi kuisha anamwendea muuguzi na kunong'ona: nikitoka kuongeza saa, nitapoteza zamu yangu? Muuguzi hana jibu la uhakika. Mtu huyo akiitwa dakika ile, ataingia na kusema yuko sawa ilhali maumivu ya kifua aliyokuja nayo hajayataja.

Hoja ya wanaotetea ada ni kwamba mgonjwa hulipia mambo mengi tu, hivyo hili ni moja zaidi. Nakubali kwamba mahali pengi hulipa. Lakini ada ya kumwona daktari imewekwa na watu waliofikiria matibabu, na huwa na misamaha kwa watoto, wajawazito, wazee na wasio na uwezo. Ada ya maegesho huwekwa na watu wanaofikiria magari, na haijui anayeshuka ni nani.

6. Lakini si pesa kidogo tu?

Kwa anayekuja mara moja kwa mwaka, ndiyo, na sitaki kulikuza. Mzigo uko kwa wale ambao ugonjwa wao una ratiba.

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa na anasafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huja mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kama saa nne. Hizo ni safari zaidi ya 150 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka, na hakuna wiki ya kupumzika. Mgonjwa wa saratani anayepewa mionzi anaweza kuja siku tano kwa wiki kwa wiki sita mfululizo. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 mara nyingi huruhusiwa kwenda nyumbani karibu na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, maana yake wazazi wake wana miezi miwili au mitatu ya kwenda na kurudi, huku mama akitakiwa awepo kunyonyesha na kumbeba kifuani.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa ada za maegesho katika vituo vikubwa 63 vya saratani nchini humo. Kozi ile ile ya matibabu ilimgharimu mgonjwa wa kituo kimoja sifuri, na wa kituo kingine mamia ya dola kwa maegesho pekee. Watu hawa tayari wamepunguza saa za kazi au wameacha kazi kabisa. Ada ndogo ikirudiwa mara nyingi kwa mtu ambaye kipato chake kimeshuka haibaki kuwa ndogo.

7. Wanaokuja kwa basi hulipa nauli. Kwa nini wenye magari wapewe bure?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote upande wa pili, na wanaotaka ada ifutwe mara nyingi hulikwepa. Ni kweli kwamba mahali pengi maskini zaidi hawana gari. Hospitali ikitumia mamilioni kutunza maegesho ya bure halafu kituo cha basi mbele ya geti lake hakina hata kivuli, imewasaidia waliokwisha kujiweza.

Hata hivyo, tazama nani hasa hufika hospitali kwa gari. Aliyepewa nusukaputi huambiwa asiendeshe wala asirudi peke yake. Anayepewa tibakemikali hushauriwa kukaa mbali na misongamano kwa sababu kinga yake imeshuka. Mjamzito mwenye uchungu, mzee aliyevunjika nyonga, mtoto anayetapika, hawa hawawezi kusubiri basi hata wakitaka. Na gari mara nyingi si lao: ni la jirani, la mjomba, la mfanyakazi mwenzao aliyeomba ruhusa. Anayelipa ada pale getini anaweza kuwa ndiye aliyetoa msaada.

Jibu langu basi ni kuwasaidia wote wawili. England ina mpango wa kuwarudishia nauli wagonjwa wenye kipato kidogo wanaopewa rufaa kwenda hospitali, na ndani yake mna basi, treni, mafuta na ada za maegesho. Huo ni mfano mzuri kwa sababu unamhesabu mgonjwa bila kujali amefikaje. Udhaifu wake ni kwamba lazima uujue, utunze risiti na ujaze fomu, na mgonjwa aliyechoka si mwepesi wa fomu.

8. Na wanaokuja kutazama wagonjwa?

Hapa natofautisha. Anayemuuguza mgonjwa, yule anayemlisha, anayemgeuza, anayesikiliza maelezo ya daktari kwa niaba yake, ni sehemu ya matibabu. Wodi zinamtegemea. Asitozwe, na kila mgonjwa aliyelazwa awe na haki ya kuandikisha angalau mtu mmoja wa namna hiyo. Wazazi wa mtoto aliyelazwa wasijadiliwe kabisa.

Mgeni wa kawaida aliyekuja kutoa pole kwa nusu saa ni jambo jingine. Wageni ni dawa pia, na mgonjwa asiyetembelewa hudhoofika. Lakini pale ambapo nafasi ni chache kweli, ada ndogo yenye kikomo kwa siku, na nusu saa ya kwanza bure, sioni kuwa ni dhuluma. Mgeni anaweza kuchagua siku, saa na chombo cha kumfikisha.

9. Wafanyakazi walipe?

Hao huchukua nafasi nyingi, na hukaa kutwa nzima. Wanaofanya kazi mchana na wana usafiri wa umma unaofaa wanaweza kuchangia kiasi. Wa zamu ya usiku wasitozwe: muuguzi anayetoka saa nane za usiku hapaswi kutembea gizani hadi barabarani kwa ajili ya kuokoa ada. Zaidi ya hapo, suala la wafanyakazi ni la mwajiri na chama chao, na lisitumike kuficha suala la wagonjwa.

## Waliojaribu

10. Kuna mahali ada imefutwa kabisa?

Wales ilitangaza kufuta ada katika hospitali zake za umma mwaka 2008. Scotland ilifuata, na ada katika maegesho yaliyosimamiwa na hospitali zenyewe ikaisha mwishoni mwa mwaka huo huo.

Kilichofuata ndicho chenye mafunzo. Katika Scotland, hospitali tatu kubwa, moja ya Edinburgh, moja ya Glasgow na moja ya Dundee, ziliendelea kutoza kwa sababu maegesho yao yalikuwa yamefungwa ndani ya mikataba mirefu na kampuni binafsi. Ada huko ilisitishwa wakati wa janga la UVIKO-19 na ikafutwa moja kwa moja mwaka 2021, baada ya serikali kuinunua mikataba hiyo. Wales nayo, hospitali kubwa ya chuo kikuu mjini Cardiff iliendelea kutoza hadi 2018 kwa sababu kama hiyo. Yaani wagonjwa waliishi miaka kumi au zaidi na saini iliyowekwa na watu waliokwisha kuondoka ofisini. Ndiyo maana swali la 15 ni refu.

Ireland Kaskazini ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ada hizi mwaka 2022, kisha utekelezaji ukasogezwa mbele kwa sababu ya pengo la mapato na hofu ya msongamano. Sheria bila bajeti wala mpango wa geti haimfikishi mgonjwa popote.

11. Kuna njia ya kati?

England ilichagua hiyo. Kuanzia 2020 hospitali zake za umma zilitakiwa kuwasamehe makundi manne: watu wenye ulemavu, wagonjwa wa nje wanaohudhuria mara kwa mara, wazazi wa watoto waliolazwa wanaokesha nao, na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Wanaohudhuria mara kwa mara maana yake ni wanaokuja angalau mara tatu kwa mwezi kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Ni hatua, na imewagusa wengi wa wale niliowataja katika swali la 6. Ila angalia pembe zake. Kozi ya mionzi ya wiki sita, safari 30, haifikishi miezi mitatu. Mzazi anasamehewa usiku, kuanzia saa moja na nusu jioni hadi saa mbili asubuhi, ilhali mtoto ni mgonjwa mchana pia. Ukianza kusamehe kwa makundi, daima kutakuwa na mtu aliyeanguka nje ya mstari kwa siku chache. Heri kuanza na kanuni kwamba mgonjwa halipi, halafu ndiyo uandike wanaolipa.

12. Kanada wanafanyaje?

Mambo hutofautiana kwa majimbo. Ontario, kuanzia Oktoba 2016, iliziagiza hospitali zinazotoza zaidi ya dola 10 kwa siku kuuza pasi za siku 5, 10 na 30 kwa nusu ya bei ya juu ya siku. Nilichokipenda ni vipengele vidogo: pasi inaweza kutumiwa na mgonjwa au anayemuuguza, inadumu mwaka mzima, na siku unayoitumia unaruhusiwa kutoka na kuingia tena mara nyingi upendavyo. Aliyebuni hilo aliwahi kukaa wodini, nina hakika, kwa sababu mtu anayemuuguza mwenzake hutoka kwenda kuchukua nguo, kumtoa mtoto shule, kurudi.

Bado ni nusu bei kwa mtu asiyepaswa kulipa. Lakini kwa hospitali ambayo leo haiwezi kufuta ada, ni mahali pazuri pa kuanzia.

13. Ikiwa bure, si itajaa magari ya watu wa nje?

Itajaa, kama hakuna udhibiti. Hospitali iliyo jirani na kituo cha treni, soko au ofisi itageuzwa maegesho ya mtaa mzima, na mgonjwa atazunguka nusu saa akitafuta nafasi. Hofu hii si ya kubuni.

Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia maisha yake kueleza kwamba maegesho ya bure huzaa foleni na upotevu, na kwamba bei ya barabarani inapaswa kupangwa ili daima ibaki nafasi moja au mbili wazi, takriban asilimia 15. Nguvu ya hoja yake iko hapa: bei huwafanya baadhi ya watu waahirishe safari, wabadilishe saa au wapande basi. Kwa mnunuzi wa nguo inafanya kazi. Kwa mwenye miadi ya upasuaji, bei haibadilishi kitu isipokuwa salio lake. Na akibadilisha nia kwa sababu ya bei, akaacha kuja, hapo ndipo tumefanya kosa kubwa zaidi.

Kwa hiyo bei itumike kwa wale ambao inaweza kuwageuza njia: watu wa nje. Watozwe, tena bei kubwa. Mgonjwa atambuliwe na kuachwa apite. Namna ya kufanya hivyo iko katika jibu linalofuata.

## Uendeshaji

14. Hospitali itamtambuaje mgonjwa bila kuongeza foleni?

Kwa kuthibitisha tiketi mahali mgonjwa anapopita kwa vyovyote. Unachukua tiketi getini. Mapokezi ya kliniki, dirisha la dawa au meza ya muuguzi wa wodi kuna kifaa kidogo kinachoisoma na kuifuta deni. Ukitoka, geti linafunguka. Ni sekunde tano. Penye kamera, namba ya gari huandikwa kwenye kompyuta ya mapokezi mgonjwa anapojiandikisha. Pasipo na mtambo wowote, muhuri wa siku hiyo juu ya tiketi ya karatasi unatosha, na mlinzi anausoma kwa macho.

Yapo makosa yanayorudiwa. Kuweka kifaa kimoja tu kwa hospitali nzima, tena kwenye jengo la utawala linalofungwa saa kumi jioni. Kumtaka mgonjwa akumbuke kuomba, badala ya mhudumu kuuliza "umekuja na gari?" kama anavyouliza jina. Kuthibitisha kwa saa mbili tu wakati kliniki yenyewe huchukua nne. Na kuusahau mlango wa dharura, ambako mtu huondoka saa tisa usiku na hakuna wa kumgongea muhuri.

Wanaosema wahudumu watazidiwa na kazi nawaelewa. Lakini waulize wahudumu hao hao ni mara ngapi kwa siku wanaombwa chenji ya mashine, au wanaona mtu akiruka foleni kukimbilia gari lake.

15. Bodi inataka kukodisha maegesho kwa kampuni. Tuangalie nini kwenye mkataba?

Muda kwanza. Usizidi miaka michache, na hospitali iwe na haki ya kuuvunja au kuubadilisha kwa fidia inayojulikana mapema. Yaliyotokea Scotland na Cardiff (swali la 10) yalitokana na kutoliona hilo.

Pili, malipo ya kampuni yasitegemee faini. Ilipwe kwa kazi: usafi, taa, ulinzi, mashine zinazofanya kazi. Siku mashine imeharibika, geti libaki wazi na hasara iwe ya kampuni. Tatu, misamaha yote iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, isiachwe kwenye barua ya ahadi. Nne, rufaa za faini zisikilizwe na hospitali, maana ndiyo inayoweza kuthibitisha kwamba fulani alikuwa wodini. Tano, kampuni isiuze wala kuhifadhi taarifa za namba za magari kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika; orodha ya magari yanayokwenda kliniki fulani kila wiki inaweza kufichua ugonjwa wa mtu.

Na makusanyo yatangazwe kila mwaka, ada na faini kila moja peke yake. Hospitali isiyotaka kutangaza tayari imekujibu.

16. Je, hospitali binafsi?

Ina uhuru zaidi, lakini hoja ya muda katika swali la 5 haibadiliki. Nyingi huingiza gharama hiyo kwenye ada ya matibabu na kuacha geti wazi, na hilo ni la busara.

## Hali za pekee

17. Nikija na mtu mahututi, nianze na mashine?

Hapana. Mfikishe mgonjwa kwanza. Hospitali yenye utaratibu mzuri huweka nafasi za muda mfupi mbele ya mlango wa dharura, bila malipo, kisha humtuma mtu kukukumbusha kuhamisha gari mambo yakitulia. Usizibe njia ya gari la wagonjwa hata kwa dakika moja, kwani anayefuata anaweza kuwa na hali mbaya kuliko wako.

18. Nimekuja kliniki nikalazwa ghafla. Gari liko nje.

Mwambie muuguzi wa wodi siku hiyo hiyo na umpe namba ya gari. Hospitali iwe na fomu ya mstari mmoja kwa ajili hii, inayosimamisha ada tangu saa ya kulazwa. Kumtoza mtu siku sita alizokuwa kitandani kwa amri ya daktari wa hospitali hiyo hiyo hakuna utetezi, na sijawahi kusikia hoja nzuri ya kinyume chake.

19. Watu wenye ulemavu wasamehewe hata wakiwa si wagonjwa siku hiyo?

Ndiyo. Na msamaha bila nafasi pana karibu na mlango hauna maana: mlango wa gari lazima ufunguke wote ili kiti cha magurudumu kiingie pembeni.

20. Teksi na pikipiki za abiria zinazoshusha wagonjwa?

Zipewe dakika 15 hadi 20 bure. Dereva akitozwa kuingia, atamshusha mgonjwa nje ya geti, na mgonjwa atatembea.

21. Mgonjwa akifariki, ndugu walipe?

Wasilipe chochote, wala siku hiyo wala watakaporudi kuchukua mwili na hati. Hili lisiachiwe huruma ya mlinzi wa zamu. Wodi na chumba cha maiti viwe na kadi za kufungulia geti, na ndugu wapewe bila kuomba. Watu husahau mengi ya siku ile, lakini kusimamishwa getini kudaiwa pesa hawasahau.

22. Nimepigwa faini nikiwa hospitalini kwa matibabu. Nifanyeje?

Soma kwanza faini imetolewa na nani: hospitali, kampuni au mamlaka ya mji, kwa sababu njia ya rufaa hutofautiana. Angalia tarehe ya mwisho. Usiitupe ukidhani itasahauliwa, na usiharakishe kuilipa kama unakusudia kuipinga, kwani mara nyingi ukishalipa shauri huhesabiwa limekwisha.

Kusanya ushahidi: kadi ya miadi yenye saa, karatasi ya kuruhusiwa, risiti ya dawa, picha ya mashine iliyoharibika au kibao kilichofichwa na mti. Andika barua fupi yenye mambo matatu: ulifika saa ngapi, ulichelewa kwa sababu gani, nani hospitalini anaweza kuthibitisha. Peleka nakala kwa ofisi ya malalamiko ya wagonjwa au kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, hata kama faini ni ya kampuni. Huna haja ya kueleza ugonjwa wako. Uthibitisho kwamba ulikuwa kliniki kuanzia saa fulani hadi saa fulani unatosha, na hospitali inaweza kuuandika bila kutaja kliniki ni ya nini.